Luxor kwa siku moja: vuka mto kwanza

Napeleka watu wa Mombasa Misri, na karibu wote huwa wameipanga siku kinyume: hekalu la Karnak asubuhi, makaburi adhuhuri. Luxor ndiyo Thebes, mji wa kale wa mafarao. Makaburi yao yako ng'ambo ya magharibi ya Nile, kwenye bonde la mawe matupu lisilo na kivuli. Nenda kati ya Novemba na Februari. Kiangazi joto hupita digrii 40.

1. Ukishaswali alfajiri, teremka kwenye feri ya wenyeji, mbele ya hekalu la Luxor. Wenye mashua watakuapia kwamba feri imeharibika. Mtu wa Likoni hadanganyiki hivyo: wafuate wenye vikapu.

2. Ng'ambo, patana na teksi ya nusu siku, ulipe mwisho. Mimi nililipa mbele, nikashindishwa saa nzima kwenye duka la vinyago la jamaa wa dereva.

3. Bonde la Wafalme. Tiketi ya kawaida ni makaburi 3. Beba kadi ya benki. Farao Tutankhamun ana tiketi yake mbali. Kaburi ni dogo, ila maiti yake mwenyewe bado imo. Pesa zikibana, la Ramses IV linatosha kabisa, rangi zake zimekolea hadi leo.

4. Hekalu la malkia Hatshepsut. Hapa usikubali kuharakishwa. Panda hadi baraza ya kati, shika kushoto. Ukutani ipo safari ya vyombo vya malkia kwenda Punt kufuata ubani, yapata miaka 3,500 iliyopita. Wataalamu wengi huiweka Punt pande za Pembe ya Afrika. Utaona miti ya ubani imebebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, na nyumba za juu ya nguzo zenye ngazi. Halafu inama, tazama maji chini ya vyombo. Mzee mmoja mvuvi niliyekuwa naye alichutama pale akitaja kama yuko mnadani: ngisi, kamba koche, kasa. Tulimngoja.

5. Rudi ulale kidogo. Saa tisa Karnak, ukumbi wa nguzo 134, kisha hekalu la Luxor taa zikiwaka. Juu yake upo msikiti wa Abu Haggag, uliojengwa hekalu likiwa limefukiwa. Kifusi kilipochimbuliwa, mlango wa zamani ukabaki unaning'inia juu ukutani. Ukitaka kuswali magharibi humo, zunguka nyuma uingilie barabarani, tiketi haihitajiki.