Kupima oksijeni na fosfeti kwenye kinamasi cha mafunjo: mwongozo wa Mto Mara

Mto Mara ukishatoka Kenya na kuipita Serengeti, huingia kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo kabla ya kufika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Machi 2022 maji ya huku chini yaligeuka meusi na samaki wakafa, na upungufu wa oksijeni ukatajwa miongoni mwa sababu. Tukio la namna hiyo haliwezi kuhukumiwa vizuri bila vipimo vya siku za kawaida, kwa kuwa chini ya mafunjo oksijeni hukaribia sifuri hata mwaka ambao hakuna samaki aliyekufa. Mwongozo huu ni wa kupata vipimo hivyo vya siku za kawaida.

Vituo na saa

Chagua angalau vituo vitatu kwenye mstari mmoja: katikati ya mkondo, ukingoni mwa mafunjo, na ndani ya mafunjo chini ya mkeka wa mizizi. Ongeza kimoja juu ya kinamasi na kingine maji yanapotoka, mfano kwenye daraja liitwalo Kirumi, ambako maji hufikika bila mtumbwi. Bila kituo cha juu hutajua kilicholetwa na mto na kilichofanywa na kinamasi chenyewe.

Oksijeni hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Mwani na mimea ya majini huizalisha mchana, na usiku viumbe vyote huitumia bila kuirudisha. Ndiyo maana kiwango cha chini kabisa hupatikana karibu na mapambazuko, na cha juu alasiri. Ukipima saa nne asubuhi mwezi huu na saa tisa alasiri mwezi ujao, utakuwa umelinganisha saa, si miezi. Kila kituo kipimwe saa ileile kila safari, na angalau mara moja kwa msimu pima kabla ya jua kuchomoza.

Andika muda daftarini kwa mfumo wa saa 24 tu. Kifaa huhifadhi 09:10, mtu aliye mtumbwini anaandika saa 3:10, na miezi miwili baadaye hakuna ajuaye kama ilikuwa asubuhi au usiku wa manane. Kosa hili huharibu data nyingi kuliko kemikali mbovu.

Kabla ya kuingia, toa taarifa kwa serikali ya kijiji na BMU ya eneo (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), na umchukue mvuvi anayejua njia za viboko. Vaa jaketi la kuokolea, na buti ndefu zisizopitisha maji, kwa kuwa kichocho kipo kwenye maji haya yaliyotulia.

Kifaa cha kupimia oksijeni

Ugezi wa kifaa, yaani kukirekebisha kisome sawa, hufanywa kila asubuhi kwenye hewa iliyojaa unyevu: weka elektrodi (ncha yake ya kupimia) kwenye kikombe chake chenye sponji iliyolowa, isiguse maji, usubiri joto litulie. Kosa kubwa hutokea kwenye kanieneo ya hewa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo halisi huko ni karibu milimita 660 za zebaki, si 760. Maji ya nyuzi 25 yaliyojaa oksijeni yana takriban miligramu 8.3 kwa lita pwani, lakini hapa ni kama 7.2. Kifaa kilichoachwa kwenye 760 kitasoma karibu asilimia 15 zaidi ya ukweli. Tahadhari pia na takwimu ya kituo cha hali ya hewa: mara nyingi imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari. Tumia baromita ya kifaa chenyewe.

Elektrodi ya utando hula oksijeni inayopimwa, hivyo isipotikiswa polepole majini usomaji hushuka wenyewe. Ile ya mwanga haina shida hiyo, ila kofia yake huzeeka na hubadilishwa kwa muda aliotaja mtengenezaji. Chini ya mafunjo ipe elektrodi dakika tatu hadi tano kabla ya kuandika. Ukiandika mapema, tarakimu bado zinashuka na utadhani kuna oksijeni.

Kuhakikisha kwa njia ya Winkler

Kifaa kisiaminiwe peke yake. Kila safari chukua sampuli mbili mbili kwenye vituo viwili kwa njia ya Winkler, yaani kupima oksijeni kwa kemikali ndani ya chupa, kisha linganisha na kifaa. Tofauti ikizidi miligramu 0.5 kwa lita, tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Tumia chupa ya mililita 300 yenye kizibo cha kioo kilichochongoka. Kwenye mkondo, chombo cha Van Dorn (bomba la kuchotea maji kwenye kina, lenye vifuniko viwili) kinachotupwa kwa mlalo kinafaa. Chini ya mkeka hakipiti, kwa hiyo funga mrija kwenye upondo, uusukume taratibu, na uvute maji kwa pampu inayoubana mrija. Usichokonoe tope: likitibuka, hutoa mapovu ya gesi na maji yenye chuma na salfidi, na sampuli yote huharibika. Fikisha mdomo wa mrija kwenye kitako cha chupa, acha maji yafurike mara mbili hadi tatu ya ujazo wake, kisha uutoe mrija polepole huku maji bado yanatiririka. Pakiwa na povu hata moja, mwaga uanze upya. Maji ya chini ya mafunjo yana oksijeni kidogo mno, kwa hiyo povu dogo la hewa linatosha kubuni kipimo kisichokuwepo.

Papo hapo ongeza mililita 1 ya manganizi salfeti, kisha mililita 1 ya mchanganyiko wa alkali, iodidi na azidi, ncha ya pipeti ikiwa chini ya uso wa maji. Ziba bila kubakiza hewa, pindua chupa mara kadhaa, acha mashapo yatue hadi nusu, pindua tena. Mashapo ya kahawia yanaonyesha oksijeni ipo. Yakiwa meupe, hakuna, na ndani ya mafunjo huo ni ukweli wa kuandikwa, si kosa la kurudia. Ongeza mililita 1 ya asidi salfuriki kali, ziba, pindua mpaka mashapo yote yayeyuke. Hapo maji huwa ya manjano au ya hudhurungi. Vaa glavu na miwani, na usichanganye azidi na asidi nje ya chupa: hutoa gesi yenye sumu kali. Weka chupa gizani, umalize titresheni (kudondosha kemikali ya kipimo mpaka rangi ibadilike) siku hiyohiyo, ndani ya saa 8.

Maabara, pima mililita 201 za sampuli. Ile 1 ya ziada hufidia maji yaliyosukumwa nje na kemikali. Dondosha thiosalfeti ya 0.025 M mpaka rangi ipauke kuwa manjano hafifu, ndipo uongeze wanga, kisha uendelee tone kwa tone mpaka buluu ipotee mara ya kwanza. Ikirudi baadaye, iache. Kwa vipimo hivi mililita 1 ya thiosalfeti ni sawa na miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Nguvu ya thiosalfeti hupungua ikikaa, kwa hiyo ihakiki kila siku ya kazi.

Jambo moja la vinamasi hasa: chuma aina ya ferasi na salfidi hula iodini, na Winkler husoma chini ya ukweli. Maji yakinuka yai bovu, tegemea elektrodi ya mwanga na uandike sababu.

Fosfeti

Fosfeti ni umbo la fosforasi lililoyeyuka majini, ambalo mimea na mwani hulitumia kama rutuba. Hapa kasi ndiyo kila kitu. Maji yasiyo na oksijeni hubeba chuma kilichoyeyuka. Yakigusa hewa, chuma hicho huganda kuwa kutu laini na kuikamata fosfeti. Sampuli ikichujwa jioni maabara, fosfeti imeshabaki kwenye kichungio, na matokeo yatasema kinamasi ni safi kuliko kilivyo. Chuja palepale mtumbwini, kwa sirinji na kichungio cha mikromita 0.45, ukimwaga mililita chache za kwanza. Chupa ziwe zimeoshwa kwa asidi hidrokloriki ya asilimia 10 na kusuuzwa kwa maji yaliyokenekwa (maji safi yaliyopatikana kwa mvuke). Sabuni ya kawaida isizikaribie, nyingine zina fosfeti. Weka kwenye barafu, gizani, upime ndani ya saa 48.

Kila safari beba chupa moja ya maji yaliyokenekwa, uyachuje kulekule kama sampuli. Yakionyesha fosfeti, uchafu ni wa vifaa vyako. Sampuli moja kati ya kumi ichukuliwe mara mbili.

Kwenye njia ya buluu ya molibdeni, ambayo huigeuza fosfeti kuwa rangi ya buluu, weka mililita 8 za kitendanishi mchanganyiko (kemikali za kuleta rangi, zikiwemo asidi askobiki na antimoni) kwenye mililita 50 za sampuli, usome ukali wa rangi kwa mashine ya mwanga kwenye nanomita 880 kati ya dakika 10 na 30. Maji ya mafunjo yana rangi ya chai, kwa hiyo soma pia sampuli isiyotiwa asidi askobiki wala antimoni, kisha upunguze usomaji wake kutoka ule wa kwanza.

Katika jedwali, taja kama ni fosforasi (P) au fosfeti yenyewe (PO₄), kwa sababu ya pili ni kubwa mara 3.07 kwa maji yaleyale, na taarifa mbili za mto mmoja zinaweza kugombana kwa sababu hiyo tu. Thamani iliyo chini ya uwezo wa kipimo iandikwe kwa alama ya "<" na kiwango hicho, isiandikwe sifuri.