Somo: Kufufua ambulensi ya kijeshi ya zamani, kuanzia chesi (fremu ya chini ya gari) hadi alama

Ukitaka kujua kama ambulensi ya kijeshi imefufuliwa kwa heshima, usitazame msalaba ubavuni. Fungua milango ya nyuma uangalie vyuma vya kushikilia machela. Wengi huvikuta vimepinda au vimekatwa, wakavitupa, kisha wakabaki na boksi tupu lenye rangi nzuri.

Mfano wangu ni Dodge WC-54 ya Marekani, iliyotengenezwa kati ya 1942 na 1944, jumla kama gari 26,000. Mengi ya hapa yanafaa pia kwa Austin K2/Y ya Uingereza.

1. Soma rangi kabla ya kuikwangua

Piga picha kila pembe na unakili namba ya chesi na mabati ya maelezo. Kisha chukua msasa laini, uloweshe maji, usugue kidirisha kidogo kwenye boneti na milangoni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia gari nyingi ziliuzwa kwa wazima moto, wakulima na watu wa kambi za matembezi, na kila mmiliki alipaka yake juu ya ya mwenzake. Ukishuka taratibu, tabaka baada ya tabaka, unaweza kukuta namba ya usajili ya jeshi. Anayeanza na mashine ya kupuliza mchanga hufuta historia yote kwa mchana mmoja. Maji pia yanazuia vumbi, maana rangi za zamani zina madini ya risasi. Vaa barakoa inayofaa.

2. Magurudumu: hapa watu hufa

Rimu za WC-54 ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa boliti. Ukifungua boliti hizo tairi likiwa na upepo, kipande kinaruka kwa nguvu ya kuua. Toa kijiti cha ndani cha valvu, hakikisha upepo umekwisha kabisa, ndipo ushike spana. Na nati za magurudumu ya upande wa kushoto hufunguka kinyume na ulivyozoea, usizilazimishe.

3. Breki

Mfumo wa mafuta ya breki ni mmoja kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, huna breki. Badilisha mabomba na mipira yote, hata ile inayoonekana mizima. Ukichagua mafuta ya silikoni ya DOT 5, safisha mfumo wote kwanza, kwani hayachanganywi na mafuta ya kawaida ya DOT 3 wala DOT 4. Brekishuu za zamani huwa na asbesto: usipulize vumbi lake kwa kompresa.

4. Injini

Ni silinda sita mfululizo, na valvu ziko ubavuni mwa bloku, kwa hiyo silinda hedi hunyanyuka bila shida. Ikiwa imekwama, toa plagi, mimina mafuta mepesi ya kulainisha kutu, subiri siku kadhaa, halafu itikise kwa mpini wa kuzungushia injini, mbele na nyuma kidogo kidogo. Kuivuta kwa gari jingine ikiwa kwenye gia ni kutafuta pistoni iliyovunjika.

5. Bodi na springi

Hapa ndipo ambulensi inapotengana na ndugu zake. WC-54 ina umbali wa inchi 121 kati ya ekseli, wakati WC-51 ya mizigo ina 98, na springi zake ni laini kwa ajili ya majeruhi. Wauzaji watakupa springi za WC-51 wakisema zinaingiliana. Kataa, gari litakuwa gumu, na kazi yake ilikuwa kubeba watu wenye mifupa iliyovunjika.

Bodi ni ndefu kwenda juu, na maji hujificha chini ya sakafu, kwenye kingo za milango ya nyuma na juu ya matairi. Gonga kwa nyundo ndogo: bati zima hulia, lililooza hunyamaza. Usichomelee kitu mpaka milango yote ifunge sawasawa, la sivyo utaikaza bodi ikiwa imepinda. Vyuma vya machela nne virudishe mahali pake na uvijaribu kwa machela halisi. Sentimita mbili tu za kosa zinatosha kuzuia ya juu kuingia.

6. Rangi, kisha msalaba

Kijani cha jeshi kisichong'aa kinajulikana. Msalaba mwekundu ni jambo la sheria. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, ibara ya 44 na 53, unazuia watu binafsi kuutumia, na nchi zina sheria zake. Uingereza ina ile ya 1957. Omba kibali kwanza. Ukikipata, fuata masharti yake. Ukikosa, acha ubavu mtupu, hata kama picha za maonyesho zitapungua mvuto.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nikipaka hilali nyekundu badala ya msalaba je?*
Hapana, ndugu. Hilali inalindwa na mkataba uleule, na gari lako halikuwahi kuibeba.

*Nibadilishe umeme kutoka volti 6 kwenda 12?*
Mimi sipendi. Taa ya wati 30 huvuta ampia 5 kwenye volti 6, na 2.5 kwenye 12. Ndiyo maana nyaya za zamani ni nene. Taa hafifu mara nyingi ni nyaya nyembamba au kiungo cha ardhi (pale waya unapoungwa na chesi) chenye kutu. Tengeneza hivyo kwanza.

*Mimi nina K2/Y, mbao za bodi zimeoza. Nitumie chuma?*
Bodi yake ni fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa kama ngozi. Weka mbao tena. Toa kipande kimoja kimoja na ukitumie kama kielelezo, hata kikiwa unga nusu. Ukivitoa vyote pamoja utapoteza umbo.

*WC-54 yangu inalia sana nikifika kilomita 80 kwa saa. Difu imekufa?*
Angalia mafuta ya difu (gia za katikati ya ekseli) kwanza. Yakiwa safi na ya kutosha, tulia: uwiano wa gia zake ni 5.83 kwa 1, na bati la dashibodi linataja mwisho wa maili 54 kwa saa, kama kilomita 87. Uko ukingoni. Punguza hadi kilomita 65.