Perege na spageti kwenye sufuria moja, ninavyopika nikitoka cherehani

Nafunga cherehani saa kumi na mbili jioni, na mwezi wa sita kama huu saa hiyo baridi ya Mbeya imeshaanza kuuma vidole. Nyumbani Ilomba wananisubiri watu watatu wenye njaa: wanangu wawili na mdogo wangu anayesoma chuo. Nikisema nisonge ugali, nikaange samaki, niunge mchuzi na mboga pembeni, hayo ni masufuria manne, na tutakula saa tatu na nusu wakati kitinda mimba keshalala na sare ya shule mwilini. Kwa hiyo siku ya samaki napika vyote ndani ya sufuria moja. Ukishazoea ni kama dakika 45 tangu kuosha nyanya hadi kupakua.

Nianze na samaki, maana ukikosea sokoni hakuna moto utakaokuokoa jikoni. Samaki wetu wengi hapa mjini wanapanda mlima kutoka Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, kupitia Tukuyu, zaidi ya kilomita mia moja, kwa hiyo anayefika masoko yetu ya SIDO au Soweto keshasafiri. Wifi yangu, ambaye ni mzaliwa wa Kyela, alinifundisha kumfunua samaki mashavu kabla hata ya kuuliza bei. Ndani pawe pekundu, si kahawia. Macho yawe yamevimba na yanang'aa. Bonyeza mgongo kwa kidole: nyama irudi, isibaki na shimo. Harufu iwe ya ziwa. Ukinusa kitu kinachochoma pua, muage muuzaji kwa adabu na uende zako.

Kwa chakula hiki nanunua perege, wengine humwita gege. Mbasa, samaki mwingine wa Ziwa Nyasa, ni mtamu kumzidi, sibishani na mtu wa Kyela kwa hilo, lakini ana vimiba vyembamba vilivyojificha katikati ya nyama, na ndani ya spageti huwezi kuviona. Mbasa mle na ugali, kila mtu na kipande chake, mkono unatafuta mwiba taratibu. Walioko Iringa wana perege wa bwawa la Mtera, na wanafaa kabisa. Minofu ya sangara ya kwenye friji nayo inakubali, ila iache iyeyuke barafu yote na uikamue maji.

Kilo moja ya perege wazima hunipa minofu isiyozidi gramu 400, inatosha watu wanne. Muuzaji anaweza kukuparulia magamba na kumtumbua palepale. Kutoa minofu nafanya mwenyewe nyumbani, kisu kikali kinapita juu ya uti wa mgongo kutoka kichwani kwenda mkiani. Kisha napapasa kila kipande kwa ncha ya kidole, hasa sehemu ya kifuani, na kung'oa kila mwiba ninaougusa. Hapa usiwe na haraka. Mwaka juzi niliruka hatua hii, tena nikamtia samaki kwenye tambi mapema nikakoroga naye. Akasambaratika, miba ikatapakaa sufuria nzima, na mwanangu mdogo akakwamwa na mmoja kooni. Usiku ule tulimkimbiza zahanati, mhudumu akautoa kwa kibano. Tangu siku hiyo taa ya jikoni naiwasha kabla ya kushika kisu, hata kama jua halijazama.

Vichwa na mifupa usitupe. Toa matamvua, osha damu vizuri, weka kwenye sufuria ileile utakayopikia pamoja na lita moja na robo ya maji, kipande cha tangawizi na mabua ya giligilani. Ichemke polepole dakika 20, isizidi, maana mifupa ya samaki ikikaa sana motoni inatoa uchungu. Chuja kwenye jagi. Hiyo ndiyo supu itakayoivisha spageti, na ndiyo inayofanya tambi zenyewe ziwe na ladha ya samaki hadi katikati. Siku ambayo nimechoka kweli natumia maji ya moto ya birika, na chakula kinalika, lakini wanangu wanatambua tofauti.

Wakati mifupa inachemka, minofu naipaka chumvi na ndimu nusu. Dakika 15 zinatosha. Ukiiacha saa nzima, ndimu inailegeza nyama na itakumegekea kwenye mafuta. Nakatakata vitunguu maji viwili, nyanya nne zilizoiva kweli, karoti moja, hoho moja, na kuponda punje nne za kitunguu saumu. Kishada kimoja cha chainizi nakikata vyembamba na kukiweka pembeni. Spageti ni nusu ya pakiti ya gramu 500. Chukua tambi nene zile ndefu. Zile nyembamba tunazokaanga na sukari hazifai hapa, zinakunywa maji yote kwa dakika tatu na kugeuka uji.

Sufuria iwe pana, yenye kitako bapa na kina cha vidole vinne, na iwe na mfuniko.

Sasa kaanga. Futa minofu kwa kitambaa safi hadi iwe mikavu, maana unyevu ndio unaomfanya samaki agande. Ipake unga wa ngano kidogo sana, ukung'ute. Mafuta ya alizeti vijiko vinne vya chakula, yapate moto hadi chembe ya unga ukiidondosha ichemke mara moja. Laza minofu, upande wa ngozi chini, na uiache. Usisukume, usichungulie chini yake. Kwa dakika mbili za kwanza utasikia mlio mkali kama mvua kwenye bati, halafu mlio unatulia. Hapo ngozi imekauka na samaki anajiachia mwenyewe. Ukimgusa kabla, ngozi inabaki kwenye sufuria. Geuza, mpe dakika moja upande wa pili, mtoe kwenye sahani. Katikati atakuwa bado hajaiva sawasawa, na ndivyo ninavyotaka.

Ndani ya mafuta yaleyale, ukibakiza kama vijiko viwili, tia vitunguu maji. Ule ukoko wa kahawia uliobaki chini ukwangue kwa mwiko, usiuoshe. Vitunguu vikilainika weka kitunguu saumu na karoti, kisha nyanya na chumvi kidogo. Nyanya zipondeke kabisa hadi uone mafuta yanajitenga pembeni. Watu wengi hukimbia hatua hii, na ndiyo maana chakula chao kinanuka nyanya mbichi. Mimi naipa dakika nane, wakati mwingine kumi.

Mimina supu, anzia vikombe vitatu na nusu vya robo lita, kilichobaki kikae karibu kikiwa cha moto. Ikichemka sawasawa, vunja spageti katikati na uzilaze ndani. Dakika mbili za kwanza koroga bila kuacha, kwa sababu hapo ndipo zinaposhikana; baadaye koroga kila baada ya dakika moja au mbili, ukipitisha mwiko hadi chini. Funika ukiacha upenyo, la sivyo povu litamwagika na kuzima moto.

Kuhusu muda naomba unisikilize vizuri, maana pakiti inaandika dakika nane, na mimi kwa miaka nilikuwa naifuata na kula tambi zenye kiini kigumu. Nilidhani nauziwa bidhaa mbovu, nikabadilisha duka mara tatu. Siku moja nikaenda Kyela kwa wifi na pakiti iliyotoka duka lilelile la mtaani kwangu. Akapika, dakika tisa zikawa laini. Niliporudi nikamsimulia jirani yangu mwalimu wa fizikia, akanieleza palepale kwenye uzio. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa haikandamizi maji sana, kwa hiyo yanachemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kyela iko chini, karibu na ziwa, kama mita 500, na kule maji yanafika nyuzi 98. Maji yetu yanaruka na kutoa mvuke kama yao, lakini joto lake ni dogo, na kuongeza moto hakulipandishi. Kunayamaliza tu maji. Ndiyo sababu hiyohiyo maharage ya huku yanakula mkaa mwingi.

Basi dakika nane za pakiti kwangu ni 12, na ndani ya mchuzi wa nyanya zinafika 13 au 14. Iringa mjini iko chini kidogo kuliko sisi, lakini si sana, ongeza vilevile. Usitazame saa peke yake. Toa utambi mmoja, ung'ate, tazama palipokatika: ukiona kidoti cheupe katikati, bado. Mchuzi ukikauka kabla kidoti hakijaisha, ongeza supu ya moto nusu kikombe kwa wakati. Ya baridi usiweke, inakata mchemko na tambi zinanata.

Sufuria moja ina faida nyingine mbali na kupunguza vyombo. Wanga unaotoka kwenye spageti, ule tunaoumwaga kwenye sinki tukizichemsha peke yake, hapa unabaki ndani na kuufanya mchuzi uwe mzito na ushike kila utambi. Hauhitaji unga wala nyanya ya kopo. Ila kwa sababu hiyo, zima moto mchuzi ukiwa bado unateleza, mwepesi kidogo kuliko unavyoupenda. Ukifika mezani utakuwa sawa.

Kidoti kikikaribia kuisha, tia hoho, chainizi na pilipili manga, geuza mara moja. Punguza moto. Kwenye gesi ni rahisi; kwenye jiko la mkaa toa makaa mawili matatu au yafunike na majivu. Panga minofu juu ya tambi, ngozi ikitazama juu, na ile juisi iliyochuruzika kwenye sahani mwagia humohumo. Funika kabisa dakika tatu. Mvuke unamalizia kumuivisha. Mwiko sasa weka chini: kuanzia hapa hakuna kukoroga. Nyama iwe nyeupe na iachane kwa mistari ukiibonyeza na uma. Kamulia nusu ya ndimu iliyobaki, nyunyiza majani ya giligilani.

Pakua kwa upawa mpana ukipenya chini ya samaki, ili kila sahani ipate kipande chake kizima. Kwa baridi hii sahani nazimwagia maji ya moto kwanza na kuzifuta, kwani tambi kwenye sahani baridi zinaganda kabla hujamaliza kumwita mtu wa mwisho. Kipande cha kitinda mimba nakimegua mimi mwenyewe, kwa vidole, kabla hajapewa.

Kama sokoni hapakuwa na samaki wa kueleweka, usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, waliokaushwa wanafanya kazi nzuri sana. Vikombe viwili, wapukute mchanga, wakaange bila mafuta hadi wanukie, kisha waoshe kwa maji ya moto mara mbili na kuwakamua. Hao waweke pamoja na nyanya, wala si mwishoni, kwa kuwa wanahitaji muda wa kulainika na kutoa ladha, na hawavunjiki ovyo. Chumvi onja kwanza.

Kiporo kikibaki, toa samaki aliyebaki umle usiku huohuo. Tambi peke yake asubuhi nazirudisha kwenye mafuta kidogo, nazisambaza zishike rangi chini, navunjia mayai mawili juu na kufunika. Mdogo wangu anabeba hizo kwenye kontena anapokwenda chuo.