Pima Eneo la Trei, Acha Kuuliza Lita

Kila msimu wa kugema mepoli, miti ambayo utomvu wake mtamu huchemshwa kuwa shira, unapokaribia, Vermont na Maine huko Marekani na hata Quebec ya Kanada, wagemaji wapya hununua chombo cha kuchemshia utomvu kwa kuuliza swali moja: kinabeba lita ngapi? Swali hilo linawagharimu kuni, usingizi na shira yenyewe. Siku za kwanza zenye joto mapipa yanajaa, jiko linawaka usiku kucha, na utomvu uliobaki unageuka kama maji ya mchele kabla haujafikiwa na moto.

Kinachoondoa maji ni eneo la chini linalopigwa na moto, pamoja na uwazi wa juu unaotoa mvuke. Trei bapa juu ya moto mkali wa kuni hupunguza takriban lita 40 za maji kwa saa kwa kila mita ya mraba. Sasa chukua sufuria ya lita 100 yenye kipenyo cha sm 50. Kitako chake hakifiki mita za mraba 0.2, kwa hiyo hupunguza lita 8 hivi kwa saa. Trei ya futi 2 kwa 4 (sm 61 kwa 122), ambayo utomvu wa kina cha sm 4 ndani yake ni lita 30 tu, hupunguza lita 30 kwa saa. Utomvu wenye sukari asilimia 2 unahitaji lita 43 kupata lita moja ya shira. Kwa sufuria ile, lita hiyo moja inakula zaidi ya saa tano za kuni!

Kupata ukubwa unaokufaa, usipige hesabu kwa wastani wa msimu. Piga kwa siku ya mtiririko mkubwa, kwa sababu ndiyo inayoharibu utomvu. Tundu moja la ndoo, yaani lililotobolewa kwenye mti na kutundikiwa ndoo, lihesabie lita 6 siku hiyo. Matundu 50 ni lita 300. Ukiwa na saa 9 za kukaa jikoni, toa saa moja ya kuwasha na kuzima, zinabaki 8. Gawanya: unahitaji kupunguza karibu lita 38 kwa saa, yaani mita ya mraba 0.95. Nunua futi 2 kwa 6, usiibane kwenye 2 kwa 4. Mwenye mirija ya pampu inayovuta utomvu kutoka mitini badala ya ndoo apige hesabu upya, maana pampu inaweza kukaribia kuongeza utomvu maradufu.

Ila msirukie upande wa pili. Mwenye matundu 10 anapata lita 60 siku nzuri, na trei ya 2 kwa 6 inataka lita 45 ili tu ifike sm 4. Utomvu ukikolea, unabaki utando mwembamba juu ya chuma cha moto, unashika na kuungua, na trei inapinda. Huyo inamtosha futi 2 kwa 3, na umaliziaji aufanye kwenye sufuria ndogo ya gesi.

Kina kiwe kati ya sm 2.5 na 5 muda wote. Weka rula ndani ya trei! Kukadiria kwa macho ndiko kunakounguza, kwa sababu povu huficha usawa halisi. Kuta ziwe na sm 20 ili povu lisimwagike, na utomvu mpya uingie kidogo kidogo bila kukatika. Ukimwaga ndoo nzima ya baridi, mchemko unakufa.

Pima jiko pia kabla ya kulipa. Sehemu ya trei inayokaa juu ya matofali haichemshi, kwa hiyo usiihesabu. Trei yenye mikunjo chini hufikia karibu maradufu ya kasi ya trei bapa, lakini ni ghali na ngumu kusafisha. Chini ya matundu 100 sioni sababu ya kuinunua. Trei kuukuu iliyolehemiwa kwa risasi usiichukue hata ukipewa bure, risasi huingia kwenye shira.

Shira imeiva ikifika nyuzi 4 za selsiasi juu ya joto ambalo maji yamechemkia siku hiyo hiyo. Itoe hapo hapo.