Jinsi ya kutafsiri "fan" bila kuchanganya panga boi na mashabiki

Herufi tatu tu, lakini zinasumbua. Kazi yangu ni kutafsiri manukuu ya filamu na habari za michezo, na nikikutana na "fan" utaratibu wangu ni huu.

1. Fungua kamusi, uhesabu vidahizo kabla ya maana

Vidahizo ni maneno yanayoorodheshwa na kufafanuliwa kwenye kamusi. Kamusi nzuri za Kiingereza huorodhesha "fan" mara mbili, kila mara na kitarakimu kidogo kando yake. Kitarakimu hicho kinakuambia una maneno mawili yaliyofanana sura, wala si neno moja lenye maana nyingi.

2. Lifuate kila moja hadi kwao

La kwanza ndilo kongwe. Warumi waliita "vannus" chombo cha kupepetea nafaka, ungo tuseme, na Kiingereza cha Kale kikakichukua kuwa "fann". Kupepeta kukazaa kupepea: kikaja kipepeo cha mkononi (si yule mdudu), kisha katika miaka ya 1880 mashine ya umeme tunayoiita feni au panga boi. Safari hiyo isikushangaze. Hebu tamka kupepeta, kupepea na upepo.

La pili limetoka hekaluni. Kwa Kilatini "fanum" ni hekalu, na "fanaticus" ni mtu aliyepandwa na mungu wa hapo. Kiingereza kikapata "fanatic", mtu wa imani ya kupindukia. Mwishoni mwa karne ya 19, Wamarekani wapenda besiboli walilikata neno hilo, likabaki "fan", na ukali wake ukapoa. Kwa hiyo "fan" andika shabiki, basi. Maneno makali mwekee "fanatic".

3. Tazama neno linafanya kazi gani

Likiwa kitenzi, nenda moja kwa moja kwenye ungo. "She fanned herself": alijipepea. "Fan the flames": kuchochea, iwe moto au ugomvi. "The police fanned out" huwakwaza wengi; ni umbo la kipepeo kinapokunjuliwa, kinavyoanzia mahali pamoja na kutanuka, hivyo polisi walisambaa. Likiwa nomino na nyuma yake kuna "of" na jina la timu au msanii, ni shabiki.

4. Kwenye besiboli, punguza mwendo

Hapa maneno yote mawili hukutana uwanja mmoja. Mpigaji akizungusha gongo na kuukosa mpira wa mwisho aliobakiwa nao, hutolewa, na watangazaji husema "he fanned", yaani amepepea hewa. Sasa soma: "The fans groaned when he fanned." Mimi ningeandika: "Mashabiki waliguna alipotolewa kwa kuukosa mpira." Mzaha wa sauti unapotea, sina dawa yake, ila mtazamaji anaelewa. Na "the pitcher fanned ten" ni mrushaji aliyewatoa wapigaji kumi. Hakumpepea mtu.

5. Likitangulia nomino nyingine, iulize hiyo ya pili

"Fan mail" ni barua za mashabiki, kwa sababu feni haiandikiwi barua. "Fan belt" ni mkanda wa feni, ingawa anayezungumza kwenye filamu akiwa fundi wa gereji, huwa naandika fenibelti.