Jinsi ya kukesha na Breeders' Cup ukiwa Tanga na kujua farasi gani wa kumtazama

Wagosi, siku hizi mbio za farasi zimeingia kwenye mikeka na vijana wa Ngamiani wanazifuata kwenye simu, ila ukimuuliza mtu kwanini kachagua namba 4 anakwambia jina lake tamu. Haya, tuelekezane.

Breeders' Cup ni kama kombe la dunia la farasi wa mbio, wale wa damu wanaoitwa tharobredi. Ilianza 1984 pale Hollywood Park, California, siku moja mbio 7, saa hizi ni siku mbili mbio 14 na uwanja unahama hama. Ijumaa wanakimbia watoto wa miaka miwili, kama una usingizi we lala tu. Jumamosi ndo kazi yenyewe, na baba lao ni Classic, mita kama 2,000 kwenye udongo, zawadi dola milioni 7.

Kwanza saa. Ni mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, kwahiyo wakiwa California tunawazidi masaa 10, wakiwa Kentucky masaa 7 (ikiangukia baada ya wao kurudisha saa nyuma ongeza moja). Yaani Classic ikiwa Del Mar, uwanja wa California, inayoanza saa 9 na nusu hivi alasiri kwao, huku kwetu ni saa 7 na nusu usiku, Jumamosi kuamkia Jumapili, kibanda umiza kimeshafungwa na mwenye kibanda kalala. Weka bando mapema. Mbio yenyewe ni dakika mbili tu, kinachokula bando ni stori za kabla ya mbio, na hizo ruka ila usiruke pale farasi wanapotembezwa mbele ya watu. Farasi anayelowa jasho jeupe katikati ya mapaja na kumvuta vuta anayemshika, huyo anaunguza mafuta kabla safari haijaanza.

Sasa jambo ambalo mi naona ndo lote: usimuangalie anayeongoza, angalia anaongoza kwa spidi gani. Kabla ya siku yenyewe chukua orodha ya washindani, tazama mbio zao tatu za mwisho YouTube, halafu hesabu wangapi wanapenda kukaa mbele. Akiwa mmoja tu, huyo ni hatari, atajipangia mwendo anavyotaka na hakuna wa kumsumbua. Wakiwa watatu wanne watachokozana mpaka wachoke halafu yule aliyetulia nyuma anakuja kuokota. Ukielewa hilo nusu ya mchezo umeshaujua.

Fanyia mazoezi na mbio za zamani, zipo bure. Anza na Classic ya 2022 pale Keeneland, Kentucky. Farasi anaitwa Life Is Good alitoka kama risasi, mita 800 za kwanza sekunde 45 na ushee, Flightline yuko nyuma yake anamnusa tu, joki wake (mpanda farasi) Flavien Prat hana haraka, walipoingia kona ya mwisho akamsogelea na mchezo ukaisha, kashinda kwa urefu wa farasi nane na robo. Mbio sita maishani, ushindi sita, akastaafishwa. Mi nairudia ile kona kila nikipata bando la bure.

Halafu tazama 2009 na 2010 kwa pamoja, usiitazame moja ukaiacha nyingine. Zenyatta, jike, alikuwa na tabia ya kuanza wa mwisho kabisa. 2009 pale Santa Anita akawapita madume wote, jike wa kwanza kushinda Classic, uwanja ukalipuka. Mwaka uliofuata Churchill Downs akaachwa mbali sana mwanzoni, akaja, akaja tena, akakosa kwa kichwa tu, farasi Blame akashinda. Mbio 20 za maisha yake, hiyo ndo pekee aliyopoteza, na joki wake Mike Smith akajilaumu hadharani. Hapo unaona kukaa nyuma ni kamari, unategemea wa mbele wachoke na wewe upate njia, na wasipochoka ndo imetoka hiyo.

Arazi wa 1991 mtazame kwa raha tu. Mtoto wa miaka miwili katoka Ufaransa, hajawahi kukimbia kwenye udongo, anapita katikati ya wenzake kama wamesimama.

Na hapo tunakuja kwenye ardhi. Wamarekani mbio kubwa wanakimbia udongoni, Wazungu wa Ulaya wamelelewa kwenye nyasi. Kwahiyo mbio za nyasi (Turf, Mile na nyinginezo) wape heshima wageni, Goldikova wa Ufaransa alichukua Mile mara tatu mfululizo, 2008 mpaka 2010, na Enable 2018 alishinda Arc, mbio kubwa ya nyasi kule Paris, halafu akavuka bahari akabeba na Turf, hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake kwa mwaka mmoja. Udongoni ni kesi nyingine. Farasi wa nyuma anakula mchanga wa usoni mita zote hizo na wengine wanakataa kabisa. Ndo maana 1993 Arcangues wa Ufaransa alipewa odi za 133 kwa moja, hakuna aliyemjua, akashinda Classic na tiketi ya dola 2 ikalipa dola 269.20. Usijenge nyumba juu ya stori hiyo lakini, mtu wa hivyo anatokea mara moja halafu tunamsimulia miaka 30.

Wajapani sasa hivi usiwadharau hata udongoni. Forever Young alikuja 2024 akawa wa tatu nyuma ya Sierra Leone, watu wakasema kajitahidi, 2025 akarudi pale pale Del Mar akawa farasi wa kwanza wa Japani kushinda Classic, na Sierra Leone safari hii yuko nyuma yake. Farasi aliyewahi kuuonja uwanja na umbali ule ule muongezee alama, hasa kama mara ya kwanza alikuwa anamalizia na nguvu.

Kumfuata farasi wako kwenye kundi usitegemee namba, kwenye simu ndogo huioni. Shika rangi ya jezi ya joki. Jezi ni ya mwenye farasi, siyo ya joki, kwahiyo joki yule yule mbio inayofuata anavaa nyingine. Bluu tupu ni zizi la Godolphin la Dubai. Mwenye mali akiwa na farasi wawili angalia kofia, zinatofautiana.

Wakivuka mstari usipige kelele ukaamsha nyumba. Subiri majaji watangaze matokeo rasmi. Classic ya kwanza kabisa, 1984, farasi watatu walimaliza wamebanana wanagongana, ikabidi majaji warudie picha, Wild Again (wamiliki wake walilipa dola 360,000 za ziada ili aingizwe tu, odi 31 kwa moja) akaachiwa ushindi wake, lakini Gate Dancer aliyevuka wa pili akashushwa mpaka wa tatu. Kama mkeka wako una nafasi ya pili, usichane karatasi wala usifute kitu kwenye simu mpaka hapo.