Namna ya Kufungasha Bunduki ya Bolti kwa Safari ya Ndege

Bunduki ya bolti, yaani ile ambayo mpigaji huvuta na kusukuma bolti kwa mkono kila baada ya risasi moja, ndiyo inayobebwa na wengi wanaokuja kuwinda katika vitalu vya Tanzania. Ni rahisi kuifungasha kwa usalama, kwa sababu bolti, yaani sehemu inayofyatua risasi, hutoka nzima bila kuhitaji spana. Maelezo haya yanamhusu mwenye leseni anayeikabidhi bunduki kama mzigo kwenye kaunta ya ndege, ingawa mengi yanamfaa pia anayeituma kwa fundi.

Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi. Elekeza mtutu mahali salama, kidole kikae mbali na kifyatulio, toa magazini, yaani kasha la risasi, au mwaga risasi zilizomo katika magazini ya ndani, kisha vuta bolti hadi mwisho. Tazama kwa tochi ndani ya chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, halafu ingiza kidole uguse, kwa maana jicho lililochoka husadiki kile linachotarajia kukiona. Bolti ikishatoka, chungulia mtutu kutoka upande wa nyuma mpaka uone mwanga wa upande wa pili. Hapo ndipo utajua kwamba hakuna risasi, ganda wala kitambaa cha kusafishia kilichosahaulika humo.

Namna ya kutoa bolti hutofautiana kwa kila aina ya bunduki. Kwenye Mauser 98 huvutwa nje kipande kilicho upande wa kushoto nyuma ya chemba, kwenye Remington 700 hubonyezwa kitufe kidogo kilicho mbele ya kifyatulio, na zipo bunduki ambazo kifyatulio hushikiliwa huku bolti ikivutwa, hivyo fuata kijitabu cha bunduki yako. Ikishatoka, usiizungushe sehemu yake ya nyuma, kwa sababu pini ya kugonga inaweza kuteleza kutoka kwenye pengo lake, na bolti itagoma kurudi mpaka pini hiyo ivutwe upya. Ifunge kwa kitambaa chenye mafuta kidogo na uipe nafasi yake ndani ya sanduku, mbali na kioo cha darubini ya kulengea.

Wapo wanaoiacha bolti ndani na kutegemea kizuizi cha usalama. Mimi siafiki kabisa. Kizuizi ni kipande kidogo kinachoweza kusogezwa na mtikisiko wa safari, ilhali bunduki isiyo na bolti haiwezi kufyatua risasi hata kidogo, na ofisa atakayefungua sanduku ataliona hilo mara moja. Ukisafiri na bunduki mbili, fungia kila bolti kikaratasi chenye namba ya bunduki yake. Bolti hutengenezwa ikae sawasawa na chemba moja. Ukizibadilisha, nafasi inayoshikilia kitako cha risasi huweza kubadilika, na ganda likapasuka karibu na uso wa mpigaji.

Sanduku liwe gumu, lenye sponji nene juu na chini, na ukilifunga kisha ukalitikisa usisikie kitu chochote kikicheza ndani. Mizigo hurushwa na kubanwa, na kinachoumia kwanza ni darubini, kwa hiyo kata sponji ili isigandamizwe na kifuniko. Kabla ya kufunga, kaza skrubu za pete zinazoishikilia darubini kwenye bunduki kwa kiwango alichotaja mtengenezaji, kisha chora mstari mwembamba wa rangi unaovuka pete na mwili wa darubini. Mstari huo ukikatika, utajua kwamba darubini imesogea. Kama sanduku halipitishi hewa na limefungwa Arusha, huenda likakataa kufunguka Dar es Salaam mpaka valvu yake ifunguliwe, kwa kuwa hewa ya pwani ni nzito zaidi.

Paka chuma mafuta membamba na utie vipakiti vya kunyonya unyevu. Sponji hushika unyevu, hasa katika joto la pwani, na bunduki iliyoachwa humo kwa wiki kadhaa huota kutu upande ule uliogusana nayo.

Risasi zikae katika maboksi yake ya kiwandani au boksi lililotengenezwa kwa ajili hiyo, kamwe zisiwe ndani ya chemba wala magazini iliyopachikwa. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huweka kikomo cha kilo 5 kwa abiria pamoja na uzito wa boksi, na baadhi ya mashirika hutaka zikae katika mzigo tofauti na bunduki. Uliza kabla ya kukata tiketi.

Funga kufuli katika kila tundu lililotengenezwa kwa ajili hiyo, na funguo ubaki nao wewe, kama inavyotakiwa pia katika viwanja vya ndege vya Marekani. Usibandike nje maandishi wala picha inayotangaza silaha, maana ni kumwalika mwizi. Sheria ya shirikisho ya Marekani inawakataza wasafirishaji kulazimisha alama ya namna hiyo. Tamka kwenye kaunta kwamba umebeba bunduki, ukiwa na leseni na kibali cha kila nchi utakayopita. Nchini Tanzania silaha husimamiwa na Jeshi la Polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo soma namba iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu moja baada ya nyingine, uilinganishe na iliyo kwenye karatasi ukiwa bado nyumbani.

Ukifika, fungua sanduku mahali palipotulia, kagua mstari wa rangi, futa mafuta yaliyomo ndani ya mtutu, rudisha bolti yenye namba inayolingana, na upige risasi chache kwenye karatasi ya shabaha katika mita 100 kabla ya kumlenga mnyama yeyote.